Mdogo Wangu, Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Mdogo wangu, sogea hapa kivulini tuzungumze, maana maswali yenu yamekuwa mengi na yote yananukia mvuke. Mmoja ananiambia Probox yake haina shida yoyote, ila "inapenda maji". Mwingine kanunua Land Cruiser iliyostaafu kazi za shirika huko kambini Kakuma, na kila akitoka Lodwar kwenda Kakuma anapakia mitungi ya maji nyuma, ya gari, si ya watu. Nyote mnamalizia kwa maneno yaleyale: dada, ni jua la Turkana.

Si jua, mpenzi. Jua letu ni kali, nani atabisha. Lodwar iko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida. Lakini maji ndani ya injini huzunguka yakiwa na nyuzi kama 90. Kwa injini yenye afya, hata hewa yetu hii bado ni baridi ya kutosha. Jua linachofanya ni kuuanika udhaifu ambao gari lingeendelea kukuficha kule Kitale kwenye baridi. Kwa hivyo kabla hujalilaumu, na kabla hujamimina mtungi mwingine, nijibu jambo moja: yale maji uliyotia jana yamekwenda wapi?

Nakuuliza kwa sababu mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari zima hukaa miezi bila kukuomba hata kikombe. Linaloomba kila siku linavuja, ama nje ama ndani, na wewe unayeongeza tu bila kuuliza unauficha ugonjwa. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua. Najua kwa nini unafanya hivyo. Unaogopa gharama. Unaogopa fundi atafungua boneti, atikise kichwa, na pesa ya karo ya watoto iyeyuke palepale. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini mpira wa kifuniko cha rejeta uliochakaa ni jambo dogo, na injini iliyoungua ni jambo jingine, na kutoka hapo hadi pale hupita wiki chache za kujidanganya.

Shida ya huku kwetu ni kwamba mvujo hauonekani. Tone likianguka, mchanga unalinywa na upepo unakausha kilichobaki kabla hujainama. Basi tafuta alama, usitafute maji. Usiku tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini, ulitazame alfajiri. Mulika tochi kwenye maungio ya paipu, chini ya rejeta, na chini ya pampu ya maji, ambako kuna kitundu kidogo cha kutolea machozi pampu inapoanza kuchoka. Maji yenye kulanti, ile dawa ya rejeta, yakikauka huacha doa la kijani, la waridi au la unga mweupe. Gusa pia zulia la mbele miguuni, hasa upande wa abiria. Likiwa na unyevu na harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinaota ukungu wa mafuta, hita ndiyo inayovuja, na hapo utaitafuta chini ya gari mpaka uchoke usiione.

Na kifuniko cha rejeta usikidharau kwa udogo wake. Kina springi na mpira, na kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema. Juu yake huandikwa 0.9 au 1.1, kiasi cha mkandamizo kinachoweza kuhimili. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100, na hapa Lodwar chini ya hapo kidogo. Yakibanwa na kifuniko kizima cha 0.9 yanaweza kupita nyuzi 115 bado hayajachemka. Mpira ukikauka ukapasuka, akiba hiyo yote umeipoteza. Asubuhi ukikuta paipu ya rejeta imebonyea, jua kifuniko kimekataa kuyarudisha maji kutoka chupa ya akiba. Nunua kingine chenye namba ileile. Usichukue kikubwa zaidi kwa kudhani unalisaidia gari, utapasua rejeta kuukuu.

Sasa niambie, linachemsha lini? Usinijibu "wakati wote tu", dada yako hakubali jibu hilo. Keti ukumbuke. Kama mshale unapanda ukiwa umesimama stendi unangoja abiria, au unapojivuta katikati ya bodaboda, kisha unashuka ukishika lami, mshukiwa wa kwanza ni feni. Kwenye Probox feni ni ya umeme: washa injini, washa kiyoyozi, usikilize kama inazunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na relei kabla hujauziwa mota. Kwenye Land Cruiser ya zamani feni inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yake. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, isukume kwa mkono. Inapaswa kukukatalia kidogo. Ikizunguka kwa uhuru mizunguko mingi, klachi imekwisha.

Lakini kama mjini limetulia na balaa linaanza ukikaza mwendo na mzigo, au ukipanda Marich kuelekea Kapenguria, ambako unatoka kwenye joto la bondeni hadi zaidi ya mita 2,000, basi feni iache. Hapo maji hayapiti ndani ya rejeta au hewa haipiti katikati yake. Chungulia kwa tochi kati ya rejeta ya kiyoyozi na ya injini. Vumbi letu, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu hujishindilia pale, na ukitazama kutoka mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini kuja nje. Mashine ya presha ya kuoshea gari italaza zile pezi nyembamba, uwe umeziba mwenyewe ulichotaka kuzibua.

Kuna jambo madereva wa njia yetu wanaliona bila kulitaja. Upepo wa Turkana hutoka kusini-mashariki. Ukienda Kakuma unakusukuma mgongoni, na hewa inayoingia kwenye rejeta inapungua. Ukirudi Lodwar unaupokea usoni. Kwa hiyo gari linaloteseka kwenda na kupona kurudi halijapona hata kidogo. Liko ukingoni.

Nifike kwa thamostati, maana hapa ndipo ninapotaka kukuvuta sikio. Kila mara nasikia: "Fundi ameitoa, amesema sisi watu wa joto hatuihitaji." Ala! Thamostati ni mlango unaobaki umefungwa injini ikiwa baridi, na nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82. Ikikwama imefungwa, injini hupata moto haraka huku paipu upande wa rejeta ikiwa bado baridi. Dalili hiyo utaijua kwa mkono, ukiwa mbali na feni. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ichemshe uone kama inafunguka. Ikigoma, weka nyingine. Kuiacha nje kunafanya injini ichelewe kupata joto lake, inywe mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Tena baadhi ya injini, nyingi za Toyota zikiwemo, zimeundwa hivi kwamba thamostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeondoa mlango ili upate baridi, kumbe umejiongezea joto. Hali kadhalika feni iliyofungwa dairekti kwenye betri: kukufikisha nyumbani, sawa, lakini si tiba ya mwaka mzima.

Lipo pia lile mnaloogopa kulisema. Maji yanapungua, nje hakuna doa, zulia kavu. Alfajiri gari likiwa baridi kabisa, fungua rejeta, jaza, mwambie mtu awashe. Ukiona mapovu yanayopanda bila kukoma, au ukifunga kifuniko paipu ya juu inakuwa ngumu dakika ile ile injini haijapata hata joto, gesi za injini zinaingia kwenye maji: gasketi ya hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na hapo usiwashe tena hata kwa kulisogeza kivulini. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni shahidi wa tatu. Ukikuta haya, usilie na usijifiche. Gari kuukuu likishapita mikono mingi hupatwa na hayo, na wewe si wa kwanza. Lipeleke likapimwe hedi kama imenyooka kabla ya kufungwa gasketi mpya, la sivyo utailipia kazi hiyo mara mbili.

Ukikwama njiani je? Sikiliza kwa makini, nitalirudia mpaka unichoke. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita yote na madirisha, toka barabarani. Abiria watalalamika, waache walalamike. Hofu ya kukwama naijua, hasa sehemu za Kainuk jioni ikikaribia, na hofu hiyo ndiyo inayowaulia wengi injini kwa kusema "nisukume tu mpaka kituo kijacho". Na ukiona mshale uliokuwa juu umeshuka ghafla mpaka chini huku mvuke unatoka, usimshukuru Mungu ukaendelea. Sensa hupima ikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki hewani, inasoma baridi, wakati injini yako inaungua. Zima papo hapo.

Kisha ngoja. Nusu saa kwa uchache, na huku kwetu hata zaidi. Usifungue kifuniko, nasema usifungue! Maji yale yamebanwa na yana moto kupita yanayochemka jikoni. Yakiachiliwa yanaruka usoni na kifuani. Abiria wawe na haraka, mwenye mzigo apige simu mara kumi, uso wako hauna wa kuubadilisha. Paipu ya juu ikiwa laini na unaweza kuishika, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, zungusha robo, acha ipumue, ndipo uondoe. Maji utakayotia yaende kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa, kwa sababu maji baridi yakikutana na hedi ya moto huweza kuipasua.

Na maji yenyewe? Visima vyetu vingi vina chumvi. Niliwahi kusimama kwa fundi mmoja hapa Lodwar akipasua rejeta ya zamani: ndani ya mirija mlikuwa na ukoko mweupe uleule unaouona ndani ya birika, na mingine haikupitisha hata waya. Mwenye gari alikuwa ameinywesha maji ya kisima kwa mapenzi yote. Kuchemsha maji hayo hakuondoi chumvi. Tia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ile isiyochanganywa uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi au ya mvua. Maji ya kisima yawe ya kukuokoa njiani tu. Ukifika, mwaga yote utie upya.

Wale mnaotafuta gari la kununua Kakuma, nendeni alfajiri, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, mwenyewe amelipasha mapema na huwezi kuona mapovu wala kufungua rejeta. Mwambie kwa adabu utarudi kesho, na kwamba asiliwashe mpaka ufike.