Uwanja wa Michezo Ni Sehemu ya Kiwanja Unachonunua

Makala ya elimu kwa wakazi wa kata zetu

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mambo mawili. Tukisema "viwanja", twaweza kuwa na maana ya viwanja vya michezo, na twaweza kuwa na maana ya viwanja vya kujengea nyumba. Katika sarufi maana hizo mbili hazigombani. Ugomvi upo ardhini, kwani katika makazi mengi yanayokua pembezoni mwa miji, viwanja vya aina ya kwanza hugeuzwa polepole kuwa viwanja vya aina ya pili. Leo huwekwa tofali mia mbili pembeni mwa goli, mwezi ujao huchimbwa msingi, na mwaka unaofuata watoto huhamia barabarani na mpira wao.

Makala hii inaeleza kwa nini eneo la michezo ni miongoni mwa sababu zinazozifanya familia zichague mtaa uliopangwa na kupimwa, lina gharama gani, na mkazi afanye nini ili lisipotee.

Familia inanunua nini?

Mzazi anapotafuta kiwanja huuliza bei, maji, umeme, barabara, shule na zahanati. Hayo ni maswali ya lazima, na hakuna uwanja wa mpira unaoweza kuchukua nafasi ya bomba la maji. Lakini lipo swali ambalo aghalabu huulizwa baada ya kuhamia, wakati limekwisha kuchelewa: watoto watachezea wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani, angalau dakika 60 za shughuli za kutumia nguvu kila siku. Tutazame kiwanja cha mita za mraba 400. Ukishajenga nyumba, ukachimba shimo la maji taka, ukaweka tangi la maji na kuacha njia ya gari, ua unaobaki hauwatoshi watoto wanne kukimbizana. Kwa hiyo uwanja wa mtaa ni mwendelezo wa ua wa kila nyumba, nao hutumiwa na wote kwa pamoja.

Kuna faida ya pili isiyoonekana kwenye ramani. Katika mtaa mpya watu hutoka sehemu mbalimbali, na hakuna mwenye babu aliyezikwa hapo. Majirani hujuana kwanza pale watoto wao wanapocheza timu moja, kina mama wanapoanzisha netiboli ya jioni, na wazee wanapotoka kwa mchakamchaka wa alfajiri. Mtaa ambao watu wake wanajuana ni rahisi kuulinda, na familia iliyopata marafiki haiharakishi kuuza nyumba na kuondoka.

Faida ya tatu ni vipaji. Mwanafunzi anayechaguliwa kushiriki UMITASHUMTA au UMISSETA hakuanza kucheza siku ya mchujo. Alianza miaka mingi nyuma, karibu na nyumbani kwao. Taifa linapojenga viwanja vikubwa kwa ajili ya AFCON 2027, tukumbuke kwamba watakaocheza humo miaka ijayo wanahitaji kwanza mahali padogo pa kuanzia.

Hesabu ya eneo

Uwanja kamili wa soka wa kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukiongeza nafasi ya pembeni kwa usalama wa wachezaji na kwa watazamaji, tuseme mita 120 kwa 80, unapata mita za mraba 9,600. Eneo hilo ni sawa na viwanja 16 vya makazi vyenye mita za mraba 600 kila kimoja.

Hapa ndipo kishawishi kinapozaliwa, kwa maana mwenye tamaa akiutazama uwanja mmoja, machoni pake huona viwanja 16. Lakini tufanye hesabu hiyo hiyo kwa upande wa wakazi. Katika mtaa wenye viwanja 400 vya ukubwa huo, viwanja 16 ni sawa na asilimia 4 tu ya idadi yote. Fedha ya kuviuza hupokelewa mara moja, na hupokelewa na wachache. Hasara yake hulipwa na kaya zote 400, kila siku, kwa miaka yote watakayoishi hapo.

Pale ambapo ardhi ni finyu, michezo mingine haihitaji eneo kubwa. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, sawa na mita za mraba zipatazo 465. Mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, yaani mita za mraba 162. Sehemu za kuchezea za michezo hiyo mitatu kwa pamoja hazifiki mita za mraba 1,200, ambazo ni viwanja viwili tu vya makazi. Hata ukiongeza nafasi za pembeni, eneo hilo linapatikana. Tena michezo hiyo huwapa wasichana nafasi ambayo mara nyingi huikosa pale panapokuwa na uwanja mmoja tu, nao umeshikwa na soka.

Mfano wa Columbia

Jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu mahali pengine, na matokeo yake yanaonekana. Mji wa Columbia, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ulijengwa kwa mpango kamili kati ya miji ya Baltimore na Washington. Mwanzilishi wake, James Rouse, aliufungua mwaka 1967. Uligawanywa katika vijiji, na vijiji vikagawanywa katika mitaa. Mitaa ilipangwa ili shule ya msingi, mahali pa kuchezea na bwawa la kuogelea viwe karibu na nyumba. Zaidi ya hayo, wakati vitongoji vingi vya Marekani vilikuwa vikiwafungia milango watu weusi, Columbia iliuza nyumba kwa watu wa rangi zote tangu mwanzo.

Jumuiya ya wakazi iliyoundwa mwaka 1965, kabla mji haujafunguliwa, ndiyo inayosimamia maeneo hayo. Kila mwenye nyumba hulipa ada ya mwaka kulingana na thamani ya mali yake. Ada hiyo hutunza mabwawa mengi ya nje, njia za kutembea na kukimbia zenye zaidi ya kilomita 140, pamoja na huduma nyingine za michezo. Ada haipendwi na kila mtu, lakini familia zimeendelea kuuchagua mji huo kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 2016 jarida la Money liliutaja kuwa mahali bora zaidi pa kuishi nchini humo.

Kipato chetu si chao, wala hatuhitaji mabwawa mengi kama yao. Lakini mambo matatu waliyoyafanya hayakuhitaji utajiri: waliyatenga maeneo kabla ya kuuza nyumba, waliyasambaza karibu na makazi badala ya kuyarundika mahali pamoja, na tangu siku ya kwanza kila mtu alijua nani atagharimia matunzo.

Kabla ya kununua

Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Matumizi ya kila kipande cha ardhi huoneshwa kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, yakiwemo maeneo ya wazi na ya michezo. Anayetaka kununua afanye yafuatayo.

Kwanza, asiridhike na maneno ya dalali kwamba "uwanja upo pale mbele". Afike Ofisi ya Ardhi akiwa na namba ya kiwanja na kitalu, aombe kuoneshwa mchoro, na afanye upekuzi wa kiwanja chenyewe.

Pili, aende eneo husika na kulinganisha mchoro na hali halisi. Je, panapoandikwa uwanja wa michezo kuna uwanja, au kuna msingi wa nyumba? Je, bikoni zipo?

Tatu, akiuziwa kipande kinachoangukia eneo la wazi, asikinunue hata kama bei ni ya kutupa. Mwenyekiti wa mtaa, kamati ya uwanja na klabu ya soka hawana mamlaka ya kuuza eneo hilo. Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake wa kisheria, na anayejenga bila utaratibu huo anajenga juu ya hasara yake mwenyewe.

Baada ya kuhamia

Uwanja usiotumika huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Huanza kutupwa taka, kisha huchotwa mchanga, kisha huja mvamizi. Ulinzi wa kwanza wa uwanja ni ratiba: siku za watoto, siku za netiboli, siku za timu ya mtaa, na asubuhi za wazee. Ulinzi wa pili ni kamati inayojulikana, inayotunza kumbukumbu za michango na kutoa risiti. Ulinzi wa tatu ni miti ya kivuli mpakani, kwani mstari wa miti iliyokua hausogezwi usiku mmoja.

Halmashauri nayo ina wajibu wake: kuhakikisha bikoni zinaonekana, kuweka kibao kinachotaja matumizi ya eneo, na kuchukua hatua taarifa ya uvamizi inapofika. Taarifa hiyo itolewe mapema kwa Mtendaji wa Mtaa au wa Kata, kwa maandishi, uvamizi ukiwa bado ni tofali. Ukishakuwa nyumba yenye watoto ndani, kila uamuzi utamuumiza mtu.

Kwa mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa, zoezi la urasimishaji ni fursa ya kukubaliana juu ya eneo dogo la pamoja. Pasipopatikana, wakazi waweza kuzungumza na uongozi na kamati ya shule iliyo jirani kuhusu kutumia uwanja wake baada ya masomo. Afisa Michezo wa halmashauri yupo kwa ajili ya kuwashauri juu ya vipimo, ratiba na usajili wa klabu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa mtaa

1. Mchoro wa mtaa wetu unaonesha maeneo mangapi ya michezo, na leo yamebaki mangapi?

2. Ni nani hawana nafasi ya kucheza katika uwanja tulionao: wasichana, wazee, au watu wenye ulemavu?

3. Ni nani anayetunza uwanja, na kwa fedha ipi?

Mtaa unaoweza kuyajibu maswali haya matatu una jambo la kumwonesha mgeni anayekuja kutafuta mahali pa kulea watoto wake.