Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, kila mgeni ajapo, mwenyeji hupona kweli?

Tuutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, na watu wa hali ya chini wakapewa vyumba humo. Kuta zikabomoka kwa kukosa matengenezo, hata mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji. Kisha wakaja watu wa sanaa na wenye mitaji: wachoraji, wauza vinyago, na waliogeuza majumba makuukuu kuwa hoteli. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2004 likaanza tamasha la Sauti za Busara.

Hatuwalaumu mafundi hao. Wameokoa kuta na kuwapa vijana kazi. Lakini uzuri ule ule hupandisha kodi. Mwenye nyumba aonapo faida ya wageni, mpangaji wa zamani hana budi kuhamia pembezoni, na duka la unga hugeuka duka la vinyago. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Bei ndiyo iliyomfukuza.

Mambo haya yawahusu nini jamaa wa Getanuwas, huko Hanang? Yawahusu sana. Akina mama wa Kidatoga hupamba ngozi kwa shanga, na wahunzi hufua bangili. Wageni wakizipenda kazi hizo, itapanda thamani ya bangili, na ya kiwanja pia. Na Hanang wajua uchungu wa kupoteza ardhi: katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano yalimeza malisho ya wafugaji.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, fundi asiuze kiwanja kwa tamaa ya fedha ya siku moja. Pili, kila jamaa watafute hati ya hakimiliki ya kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Tatu, wanakijiji wasikose mkutano mkuu, kwa maana Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali chao.

Kazi njema ya mikono ni baraka. Lakini yafaa aliyeipamba nyumba naye apate pa kulala.