Usalama wa Aliye Seli ni Jukumu la Polisi

Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, jamaa wengi hungoja Jumatatu ndipo waulize habari zake. Huko ni kuchelewa. Tangu anapofungiwa seli, usalama wake ni jukumu la polisi, awe anashukiwa kwa wizi wa kuku au kwa mauaji.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiisha wikendi, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata, na hapo kati ndipo penye hatari, hasa kwa mgonjwa. Matibabu ni haki yake hata akiwa kizuizini. Mwenye kisukari, kifafa au anayetumia ARV, jamaa wafike kituoni mapema, wamweleze afisa wa zamu na waombe jambo hilo liandikwe kwenye kitabu cha matukio. Nambari ya OB itunzwe. Maneno ya mdomo husahaulika zamu inapobadilika.

Mahabusu akifariki au kujeruhiwa vibaya, sheria ya mwaka 2011 inaitaka IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ichunguze. Jamaa wanaweza kuwasilisha malalamiko huko bila malipo.