Kutundika Picha Uwanjani: Kipi Unaomba, Kipi Tayari Ni Chako

Mchoraji wa Sitalike anaweza kutamani kutundika picha zake nje kwa siku moja, mahali ambapo wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi na abiria wa barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga wataziona. Swali la kwanza atakaloulizwa ni kama ana kibali, na swali hilo huchanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. Uhuru wa kueleza fikra uko katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, na mchoro ni fikra iliyotiwa rangi. Uhuru wa kukutana na wengine kwa amani uko katika Ibara ya 20. Haki hizo hazitolewi na ofisi yoyote. Kinachoombwa ofisini ni mahali, pamoja na utaratibu wa kupatumia. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu anayedhani anaomba hisani hukubali jibu lolote, na anayejua haki yake huuliza: ni kifungu gani cha sheria kinachonizuia?

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni ardhi ile iko mikononi mwa nani. Kama ni uwanja wa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wake kwa niaba ya wanakijiji wote, na mchoraji mwenyewe ni mmoja wao. Sheria hiyo huizuia halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, lakini kutundika picha asubuhi na kuzishusha jioni si kugawiwa ardhi. Barua kwa mtendaji wa kijiji itaje siku, saa, eneo na idadi ya watu wanaotarajiwa. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwako. Kiwanja cha mtu binafsi kinahitaji ridhaa yake, na ni salama zaidi ikiwa ya maandishi. Kando ya barabara kuu uwe mwangalifu: hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mwenye kauli hapo ni Wakala wa Barabara (TANROADS), wala si mwenye duka la jirani. Ndani ya mpaka wa hifadhi ya taifa, mwenye kauli ni Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Kuhusu polisi, historia yetu ina funzo. Zamani sheria ilidai kibali kabla ya mkusanyiko wa hadhara. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi mwaka 1993, na Mahakama Kuu Dodoma, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ikaona kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinadai taarifa ya maandishi, si chini ya saa 48 kabla. Kutoa taarifa si kuomba. Polisi wanaweza kuzuia mkusanyiko wakiwa na sababu za usalama zilizotajwa na sheria, na aliyezuiwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri anayesimamia polisi.

Wapo watakaosema kwamba Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) linafuta hoja yote hii. Halifuti, ingawa ni kweli kwamba Baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina kanuni za mwaka 2018 zinazohusu usajili na vibali kwa wanaofanya shughuli za sanaa. Mwone Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mapema, akuambie kipi kinakuhusu. Masharti hayo hupanga shughuli. Hayageuzi haki kuwa zawadi. Ukitajiwa malipo, kumbuka Ibara ya 138: hakuna kodi bila sheria. Omba uonyeshwe sheria ndogo inayoyataja, na usilipe bila risiti.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na huko Sitalike lina nguvu kuliko mjini. Viboko wa mto Katuma hutoka majini usiku kutafuta malisho. Kiongozi akitaka maonyesho yafungwe kabla ya giza, ana sababu ya haki na inafaa kumtii. Vilevile, jino la kiboko, ngozi au kipande cha pembe ya ndovu kikiwekwa kwenye sanamu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama kiliokotwa tu. Lakini sababu ya kweli hutajika. Neno "haiwezekani" pekee si uamuzi wa kisheria. Omba uandikiwe.

Na picha zako mwenyewe? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huzilinda tangu zinapochorwa, maisha yako yote na miaka 50 baada yake, bila kujali kama zimetundikwa hadharani. Anayenunua picha hanunui haki ya kuichapisha kwenye fulana.

Ukikwama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo anastahili huduma hiyo bila malipo. Watafute kabla ya siku ya maonyesho, ukiwa na nakala ya barua yako yenye muhuri.