Kibweta Chenye Vina: Jinsi ya Kuchonga Shairi na Hadithi

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tulifaulu mtihani wa ushairi kwa kukariri. Mizani, vina, mishororo, kibwagizo. Tukajaza karatasi, tukapata alama, na baada ya wiki mbili kichwa kitupu. Naleta njia nyingine ya kusoma, inayokuachia kitu mkononi: kutengeneza kibweta cha mbao kutokana na shairi au hadithi. Kibweta ni kisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani, kama hereni, barua au vyeti. Nasoma Kiswahili, na jioni nafanya kazi kwenye karakana ya useremala kule Mkolani, kwa hiyo ninachoeleza hapa nimekifanya kwa mikono yangu.

Tuelewane mapema. Kuandika ubeti juu ya kifuniko hakufanyi sanduku liwe la shairi, kama vile kubandika picha ya Mwalimu kwenye daftari hakufanyi daftari liwe Azimio la Arusha. Kinachotakiwa ni kuchukua namna kazi ilivyojengwa, na kuihamishia kwenye mbao.

Makasha ya pwani

Hatuanzi sifuri. Pwani yetu ina kasha, lile sanduku kubwa la mbao nzito lililopambwa kwa misumari ya shaba. Mengine yaliletwa na majahazi kutoka India na Ghuba, mengine yakatengenezwa na mafundi wa huku huku. Ndani, pembeni, mara nyingi huwa na kijisanduku chenye kifuniko chake, na baadhi ya makasha yana droo ya siri ambayo mgeni haioni. Angalia ile misumari: haikupigwa ovyo. Imepangwa kwa hesabu, safu inarudi, duara linarudi. Mtu aliyezoea vina na mizani ataitambua tabia hiyo mara moja.

Utenzi: mbavu nne, mishororo minne

Tuchukue Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham anamwusia binti yake. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa mafundi wake, wakiwemo wachonga milango. Kwa hiyo kuurudisha utendi huu kwenye mbao si jambo la kulazimisha.

Sasa hesabu. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 8. Mitatu ya kwanza inapatana kwa kina kimoja. Wa nne unabeba kina cha bahari, kile kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Kibweta nacho kina mbavu nne. Mbavu tatu zipe nakshi moja. Ubavu wa nne, yaani wa mbele, upe nakshi yake ya peke yake.

Mizani tunaiweka kwa misumari. Chukua kibweta chenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 16. Mbele na nyuma piga misumari 8 kwa safu, kila mmoja sentimita 3 kutoka kwa mwenzake, ukianzia sentimita 1.5 kutoka pembeni. Kwenye mbavu fupi piga 8 vilevile, ila kwa sentimita 2, ukianzia sentimita 1 kutoka pembeni. Ubavu mfupi na mrefu vina idadi ileile. Hapo ndipo wenzangu wawili walipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba mizani ni idadi ya silabi, haijali neno ni refu au fupi.

Ukitengeneza vibweta vitatu vya seti moja, badilisha nakshi ya zile mbavu tatu kwa kila kimoja: kimoja mawimbi, kingine samaki, kingine majani. Mbele acha nakshi ileile kwa vyote vitatu. Vipange mezani vikikutazama, utaona kina cha bahari kwa macho.

Nakshi yenyewe tunaitoa ndani ya utendi. Mama anamwambia binti alete wino na karatasi. Anamwahidi hirizi ya kufunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Basi mbele chonga uzi wa shanga. Ndani weka kijisanduku cha pembeni, kama cha kasha, chenye urefu wa kutosha kalamu.

Hadithi: tafuta inapogeukia

Hadithi haina mizani ya kuhesabu. Hapa unatafuta mahali mambo yanapogeuka, kisha unauliza: sanduku litafungukaje ili mtu apapate mahali hapo kwa mkono wake?

Mfano wangu ni wa hapa hapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ya kusubiri. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Ukerewe ni safari ya meli tu kutoka Mwanza, lakini uliza darasani ni nani ameisoma.

Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume hataki mke mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba arudi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kwangu mimi riwaya inageukia hapo: mwanamume anakubali kujishusha ili nyumba irudi.

Kwa hiyo kibweta hiki kina vifuniko viwili, kila kimoja na bawaba zake. Kifuniko cha kulia kina ulimi wa milimita 5 unaolalia ukingo wa kushoto. Cha kushoto hakifunguki mpaka cha kulia kinyanyuliwe kwanza. Cha kulia ni Myombekere, nacho nimekichonga jani la mgomba. Cha kushoto nimekiacha bila nakshi juu, ila upande wake wa chini, usioonekana mpaka ufungue, kuna viduara viwili: Ntulanalwo na Bulihwali. Asiyeijua hadithi ataanza na kushoto, kitakataa, kisha atauliza kwa nini. Hapo umepata nafasi ya kumsimulia.

Mbao na vifaa

Usinunue ubao mzima. Omba mabaki ya mninga au mkongo kwa mafundi wanaotengeneza vitanda na milango. Vipande vyembamba kwao ni kuni. Anayeanza atumie paini, ni laini kwa patasi. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo acha mbao zikae ndani ya geto wiki mbili kabla ya kukata, na acha mwanya mdogo kwenye kifuniko, la sivyo masika yakija kitafura na kugoma. Misumari ya shaba si rahisi kuipata; ile ya mafundi sofa, yenye kichwa cha mviringo, inafaa. Toboa kwanza kwa kekee nyembamba kuliko msumari, maana mninga hupasuka ukingoni. Chonga nakshi kabla ya kuunganisha mbavu, kwa sababu ubao uliolala mezani hautikisiki. Mwisho ni msasa, kisha vanishi.

Nani atanunua?

Fundi wangu aliniambia wazi: "Kijana, mteja anataka twiga." Ni kweli, twiga anatoka haraka, na bumu likichelewa huwezi kula kina cha bahari. Mimi mwenyewe nachonga twiga. Lakini twiga wangu na twiga wa Arusha hawana tofauti, kwa hiyo mteja anabishana nami bei tu. Kibweta cha Myombekere kinachukua siku nne, na hakuna mteja aliyekishika akaanza na bei. Wanaanza na kile kifuniko kinachokataa. Mmoja, mama wa Kikerewe, alikaa karibu saa nzima akinisahihisha jinsi jani la mgomba linavyochanika kwa upepo. Hakununua, lakini jani ninalochonga sasa ni lake.

Wiki hii chukua shairi moja unalolijua, hata lile la sekondari. Hesabu mishororo, sikiliza vina, kisha chora mbavu nne kwenye karatasi ya boksi na uamue kila ubavu unabeba nini. Ukikwama kwenye ubavu wa nne, rudi ukasome ubeti tena, jibu limo humo.