Ujazo Bila Kikokotozi: Maswali Matatu Kabla ya Usaili wa Mchujo

Ndugu mwanachuo, mtihani wa uwezo kwenye usaili wa mchujo haujali ulisoma nini. Wa sheria na wa uhandisi wanaweza kupewa karatasi moja, bila kikokotozi, huku dakika zinayoyoma. Kwenye maswali ya ujazo anayepona ni yule anayeangalia kwanza, halafu ndo anazidisha.

Shika hili kichwani. Chukua silinda ambayo kimo chake ni sawa na kipenyo chake. Weka ndani yake tufe linaloenea barabara, kisha pia yenye kitako na kimo kilekile. Ujazo wao una uwiano huu: pia 1, tufe 2, silinda 3. Ukikumbuka silinda (πr²h), hao wengine unawapata humohumo.

Swali la 1. Tangi la silinda lina kipenyo cha m 1.4 na kimo cha m 2. Likijaa, litatoa ndoo ngapi za lita 20?
Nusu kipenyo ni 0.7. Basi 22/7 × 0.49 × 2 = 3.08. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, hivyo tuna lita 3,080, yaani ndoo 154. Ukiweka 1.4 mahali pa r, unapata 616, mara nne ya jibu. Mtunzi anaujua mtego huo, kwa hiyo usishangae kuikuta 616 kwenye machaguo.

Swali la 2. Tufe la chuma lenye nusu kipenyo cha sm 6 limeyeyushwa likawa silinda yenye nusu kipenyo cha sm 4. Kimo chake?
Umbo limebadilika, ujazo uko palepale: 4/3 × π × 216 = π × 16 × h. Kata pai pande zote kabla ya kitu kingine. Inabaki 288 = 16h, kimo ni sm 18. Hapo 22/7 hujaigusa kabisa.

Swali la 3. Nusu kipenyo cha silinda kimeongezwa mara mbili, kimo kimepunguzwa nusu. Ujazo umekuwaje?
Kwenye kanuni r inazidishwa kwa r, kimo kinaingia mara moja tu: 2 × 2 × ½ = 2. Umeongezeka mara mbili.

La kujipima ukiwa kwenye foleni ya kafeteria: mchemraba wa sm 6 unatoa michemraba mingapi ya sm 2? Ukisema 3, umegawanya urefu. Jibu ni 27.