Darubini Mbili za Kutazamia Mwezi: Somo kwa Ndugu Walioko Moshi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwezi na jua kwa hesabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ewe ndugu yangu Muislamu, jua ya kuwa kuutazama mwezi mwandamo si jambo la mchezo. Katika Suratul Baqara, aya ya 189, imebainishwa ya kuwa miezi ni vipimo vya nyakati za watu na za Hija. Basi mwenye kusema "nimeuona" amebeba saumu na Idi za watu wengi shingoni mwake.

Nasi watu wa pwani tumezoea kuutazama mwezi juu ya minazi. Tupandapo Moshi, magharibi imezibwa. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, umesimama upande huo, kaskazini kidogo, nao huficha yapata daraja 3 za mbingu. Na huku karibu na Istiwai mwezi hushuka wima: ulio daraja 10 juu ya jua hutua yapata dakika 40 baada yake, na Meru yaweza kukunyima dakika 12 katika hizo. Tena kuna mawingu ya Kilimanjaro. Ndiyo sababu watu hutaka darubini, kisha huuliza: ninunue ipi?

SIFA ZAO. Tutazipima mbili zenye jina la Celestron: AstroMaster 70AZ na Travel Scope 70. Kioo cha mbele cha kila moja kina upana wa milimita 70; kwa hiyo nuru zikusanyazo ni sawasawa. Zilipokhitalifiana ni urefu. Katika ya kwanza nuru hukutana baada ya milimita 900; katika ya pili baada ya milimita 400.

Ukitaka kujua darubini hukuza mara ngapi, ugawanye urefu huo kwa urefu wa kioo cha jicho. Kwa kioo cha milimita 20, ndefu hukuza mara 45, na fupi mara 20. Kwa kioo cha milimita 10, ni mara 90 na mara 40. Usikhadaike na muuzaji akuahidiye mara 500. Kioo cha milimita 70 ukikizidisha juu ya mara 140 huoni illa ukungu mkubwa.

NDEFU. Hii yafaa kusomea. Itakuonyesha pete za Zohali, na miezi minne ya Mushtari aliyoiona Galileo mwaka 1610, na milima ya mwezi kwa rangi safi. Aibu yake ni kwamba kwa kioo cha milimita 20 huona upana wa miezi miwili tu iliyopangwa kando kwa kando. Kuutafuta mwezi mwembamba nayo ni kama kutafuta sindano kwa kuchungulia tundu la ufunguo, na dakika zinakwisha.

FUPI. Hii huona upana wa miezi mitano. Kilimia nzima huingia ndani yake, nayo huchukulika mfukoni hata Machame. Aibu zake ni mbili. Ya kwanza, vitu ving'aavyo, khasa mwezi na Zuhura, huvaa ukingo wa zambarau. Ya pili, miguu yake ni miepesi na upepo wa mlimani huitikisa. Dawa yake ni kutoivuta miguu hata mwisho, na kutundika mfuko wa mawe katikati.

KHATARI. Usiielekeze darubini magharibi mpaka jua lote litue. Kioo cha milimita 70 hukusanya nuru mara 100 ya mboni iliyofunguka milimita 7, na ndani ya jicho hakuna maumivu ya kukuonya. Mtu hupofuka naye hajui. Wala usimwachie mtoto chombo hicho kingali na jua.

SHAURI LETU. Mwenye fedha ya darubini moja, na makusudio yake ni mwezi mwandamo, na achukue fupi. Mwenye kutaka kuwafundisha wanawe nyota, na achukue ndefu. Elimu hii si ngeni kwetu: Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa yapata mwaka 965, aliandika Kitab al-Manazir juu ya nuru na macho. Na kila mwezi ufanye mazoezi, usingoje jioni ya mwezi 29 Shaabani.

Walakini ujue ya kuwa darubini haimleti mwezi usiokuwapo. Ukiwa karibu na jua kuliko yapata daraja 7, hauonekani kwa jicho wala kwa chombo kama hivi. Na wanazuoni wamekhitilafiana katika kuonekana kwa darubini. Basi uendapo kwa sheikh au kadhi, useme umeuona kwa nini, saa ngapi na upande gani. Ulichokiona kikiwa ni ukingo wa zambarau tu, au vumbi la kioo, nyamaza. Kukamilisha siku 30 si aibu kwa mtu. Aibu ni kushuhudia asichokiona.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona na ndimi za kweli. Wallahu aalam.